Mbwa Akitumbukia Kwenye Barafu: Majibu kwa Wasomaji Wetu wa Nchi za Baridi

Safu ya mwezi huu nimeitenga yote kwa jambo moja, kwa sababu barua sita kati ya zilizonifikia tangu Desemba zinalihusu kwa namna moja au nyingine. Tano zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani, Kanada na Finland, na moja imetoka Mwanza. Nimezifupisha na kuondoa majina ya walioziandika, na nimeanza na ile iliyonigusa zaidi, ambayo jibu lake ni refu kuliko mengine yote.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu na huu ni mwaka wetu wa sita hapa Minneapolis. Wiki ya pili ya Desemba mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 15, alikuwa akimtembeza mbwa wetu Popi kando ya ziwa lililo karibu na nyumbani, nami nilikuwa hatua chache nyuma yao. Popi aliwaona bata bukini, akachomoka na kamba yake, akakimbia juu ya barafu, na alipofika kama mita 30 kutoka ukingoni barafu ikakatika, akatumbukia. Mwanangu alianza kukimbia kumfuata. Nilimkamata koti kwa nyuma, nikamwangusha kwenye theluji na kumlalia, huku nikipiga 911 kwa mkono mmoja. Watu wa zimamoto walifika, wakamtoa Popi akiwa hai, baada ya muda ambao kwangu ulikuwa kama siku nzima. Popi amepona, lakini mwanangu hajapona. Ananiambia kwamba nilikuwa tayari kumwacha mbwa wake afe, na kwamba yeye ni mwepesi, barafu ingemhimili. Je, nilikosea? Na tungeweza kufanya nini zaidi ya kusimama pale na kulia?
Mama, Minneapolis

JIBU: Marahaba, mama. Hukukosea. Ulichokifanya ndicho kilichomwokoa mwanao, na ningependa nikueleze kwa nini naamini kwamba ndicho kilichomwokoa Popi pia, kwa sababu hilo ndilo mwanao anahitaji kulisikia.

Tuanze na hilo la wepesi. Popi, kama ni mbwa wa ukubwa wa kawaida, hafiki nusu ya uzito wa kijana wa miaka 15, na uzito wake aliugawa kwenye miguu minne. Hata hivyo barafu ilikatika. Kijana anayekimbia huweka uzito wake wote kwenye mguu mmoja kwa kila hatua, tena kwa kishindo. Zaidi ya hayo, barafu iliyozunguka tundu alimotumbukia mbwa haikuwa tena ile barafu iliyokuwapo kabla hajatumbukia: ilikwisha kupata nyufa, maji yalikuwa yamepanda juu yake, na mbwa mwenyewe alikuwa akiendelea kuimega kingo kila alipojaribu kujiinua. Mwanao asingefika kwa Popi, bali angetumbukia mita kadhaa kabla ya kumfikia.

Sasa fikiria yale ambayo yangefuata. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, mtaalamu ambaye amejizamisha mwenyewe mara nyingi kwenye maji ya barafu ili kuuchunguza mwili wa binadamu, amewafundisha watu wa nchi hizi kukumbuka tarakimu tatu: moja, kumi, moja. Dakika 1 ya kwanza mtu hushindwa kuizuia pumzi yake. Anatweta, anahema ovyo, na kichwa chake kikiwa chini ya maji wakati huo anayavuta maji mapafuni. Baada ya hapo anazo takriban dakika 10 ambamo mikono na miguu yake bado inamtii, na kila dakika inayopita vidole vinazidi kukakamaa mpaka hawezi hata kushika kamba. Halafu, kama ana kitu cha kumwezesha kuelea, huchukua karibu saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa sababu ya baridi. Wengi hudhani kwamba baridi huua polepole kwa kuugandisha mwili, lakini wanaokufa katika maji ya namna hii mara nyingi huzama mapema zaidi, katika ile dakika ya kwanza au pale mikono inapokataa kufanya kazi.

Mbwa naye anateseka majini, sipunguzi hilo hata kidogo. Lakini hana koti zito lililolowa, hana mabuti yaliyojaa maji, anaogelea bila kufundishwa, na mbwa mwenye manyoya ya tabaka mbili huhifadhi sehemu ya joto lake kwa muda. Kinachomshinda ni kutoka: kucha zake hazipati mahali pa kushika kwenye ukingo laini uliolowa, na nguvu zake huisha kwa kujaribu tena na tena. Wapo mbwa wengi waliotolewa wakiwa hai baada ya dakika nyingi za kupigana na maji, na Popi ni mmojawapo.

Haya ndiyo ningemwambia mwanao kama angekuwa amekaa mbele yangu. Askari wa zimamoto wanapofika ziwani na kukuta mtoto na mbwa wote wako majini, wanamtoa mtoto kwanza. Hawana hiari katika hilo, na hawapaswi kuwa nayo. Watamvalisha, watampeleka kwenye gari la wagonjwa, watahakikisha kama kuna mtu mwingine aliye hatarini, na mbwa atangoja mpaka hayo yote yaishe. Kama ungeliachia lile koti, Popi angekuwa wa pili katika foleni, na dakika alizokuwa amebakiwa nazo zingetumika kwa mwingine. Kwa kuwa ninyi wawili mlikuwa nchi kavu, mbwa huyo alikuwa peke yake aliyehitaji kuokolewa, na wote waliokuja walikuja kwa ajili yake.

Umeuliza mngeweza kufanya nini zaidi. Yapo mambo, na mama, mengine mliyafanya bila kujua.

La kwanza ni simu, nawe ulipiga mara moja. Wasomaji wengine huniuliza kama inafaa kumwita zimamoto kwa ajili ya mbwa, kwa kuogopa kuonekana wapuuzi au kutozwa faini. Inafaa. Vikosi vya zimamoto huku kaskazini huomba waitwe mapema, kwa sababu wanajua kwamba mahali alipotumbukia mbwa, baada ya dakika chache huwa na mtu pia. Unapopiga, taja kwanza mahali: jina la ziwa, upande uliopo, jengo au maegesho yaliyo karibu. Kisha sema ni mbwa, na useme wazi kwamba hakuna mtu majini. Kama Kiingereza kinakukimbia kwa hofu, na humkimbia hata aliyekizoea, sema neno “Swahili”; vituo vingi vya 911 vina wakalimani wa simu, na wakati anatafutwa mkalimani wasaidizi huwa wamekwisha kutumwa kama tu umetaja mahali.

La pili ni sauti. Mbwa aliye majini huzunguka akitafuta njia, na anayesikia sauti ya mwenyewe hugeukia upande huo. Simameni pale aliposhukia, kwa sababu barafu iliyo kwenye njia aliyopita ndiyo iliyomhimili kwa muda, na mwiteni kwa sauti ileile mnayomwitia chakula, tulivu na yenye furaha kadiri mnavyoweza. Najua ni jambo gumu kuomba kutoka kwa mtu ambaye moyo unamdunda. Lakini mayowe humfanya mbwa ahangaike, na sauti anayoijua humfanya akae na uso wake ukingoni, akiwa ameegemeza miguu ya mbele kwenye barafu badala ya kuogelea ovyo na kumaliza nguvu. Wapo wanaojitoa kwa namna hiyo, wakiivunja barafu nyembamba kwa kifua wakimfuata anayewaita mpaka wanafika mahali miguu inagusa chini. Kazi ya kuita ingemfaa sana mwanao, kwa sababu Popi anaijua sauti yake kuliko sauti yako.

La tatu ni kufikisha kitu bila kujifikisha mwenyewe. Kwa mita 30 hilo halikuwezekana. Ila kama mbwa angekuwa mita mbili au tatu tu kutoka nchi kavu, mngeweza kusukuma ngazi juu ya barafu mpaka kwenye tundu, mmoja akiwa ameshikilia mwisho wake akiwa nchi kavu, ili mbwa apate mahali pa kukwea. Au kunasa mkanda wake wa kifuani kwa fimbo ndefu yenye ndoana. Kumrushia mbwa kamba tupu hakusaidii, kwa kuwa hana mikono ya kuishika, na kitu kizito kinaweza kumpiga au kuongeza ufa. Ndiyo maana nawaomba wenye mbwa huku kaskazini wawavalishe mkanda wa kifuani wakati wa baridi badala ya ukosi peke yake: mwokoaji hupata pa kushika, na hamnyongi anapomvuta.

Waokoaji wenyewe mliwaona. Wanavaa mavazi mazima yanayoelea na yasiyopitisha maji, wamefungwa kamba ambayo wenzao wanaishikilia ukingoni, wanatambaa kwa tumbo au kwa sleji ili uzito usambae, na mara nyingi wanaingia majini kwa makusudi nyuma ya mbwa ili wamsukume juu. Hata wao hawakimbii juu ya barafu ile kwa miguu. Vituo vingi vya zimamoto hupokea wageni ukiomba mapema. Mpeleke mwanao, aende na Popi kama wataruhusu, na aombe kuonyeshwa yale mavazi na ile kamba. Akiona kwamba watu waliofundishwa, wenye nguvu na wenye vifaa hawathubutu kufanya alichotaka kufanya yeye akiwa na koti na viatu vya shule, nadhani ataanza kulielewa lile koti ulilolikamata. Na mwambie pia kwamba hasira yake inatokana na upendo, kwa sababu ni kweli. Asione haya kwa kutaka kukimbia.

SWALI: Daktari, nipo Edmonton, Alberta. Naona wenyeji wakiegesha magari juu ya ziwa na kukaa wakivua samaki kupitia matundu, nami nina mbwa anayependa kukimbia humo. Wananiambia barafu ni salama. Nitajuaje mwenyewe?
Msomaji, Edmonton

JIBU: Ndugu yangu, wenyeji hao hawakuangalia kwa macho tu, wanapima. Wanatoboa tundu kwa kekee maalumu ya barafu, wanaingiza kipimo, wanasonga mbele hatua kadhaa, wanatoboa tena. Idara ya Maliasili ya Minnesota, ambayo mwongozo wake hutumiwa na wengi, inataka angalau inchi 4, yaani kama sentimita 10, za barafu mpya iliyo angavu kabla mtu hajatembea juu yake, na kwa gari dogo inchi 9 hadi 10. Idara hiyohiyo husema kwamba hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia mia moja.

Angalia nilivyosema “mpya iliyo angavu”. Barafu nzuri ina rangi ya bluu au nyeusi kwa sababu unaona maji ya chini yake. Ile nyeupe imeganda pamoja na theluji na mapovu ya hewa, na nguvu yake ni kama nusu tu, kwa hiyo unene unaohitajika ni mara mbili. Ile ya kijivu ina maji ndani yake, usiikanyage. Na mwishoni mwa majira ya baridi barafu inaweza kuwa nene kwa kipimo na bado ikawa dhaifu, kwa sababu jua limeipasua ndani ikawa kama vijiti vilivyosimamishwa pamoja, ambavyo huachana vikipata uzito.

Unene wa mahali pamoja haukuambii kitu kuhusu hatua 20 mbele. Mto unapoingia ziwani au kutoka, chini ya daraja, penye chemchemi, penye matete, kandokando ya gati ambako watu huweka mashine za kupuliza mapovu ili barafu isiharibu nguzo, na mahali bata bukini wanapokusanyika na kuyafanya maji yasigande, hapo barafu huwa nyembamba hata katikati ya Januari. Kwa bahati mbaya sehemu hizo ndizo zinazomvutia mbwa: kuna ndege, kuna harufu, kuna maji ya kunywa. Mto wenyewe, hata uwe umeganda kuanzia ng’ambo moja hadi nyingine, siushauri kabisa, kwa sababu mkondo hula barafu kwa chini na humvuta aliyetumbukia mbali na tundu.

Mbwa wako mfunge kamba kila mnapokuwa karibu na maji yaliyoganda, kamba fupi ya kawaida na si ile ya kujivuta inayomwachia aende mbali. Akikuponyoka na kwenda barafuni, usimfuate na usimkimbilie, maana ataona ni mchezo. Geuka, ondoka kuelekea upande wa nchi kavu huku ukimwita.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mbwa wetu alitumbukia kwenye bwawa dogo nyuma ya nyumba akatoka mwenyewe. Alikuwa akitetemeka sana, mume wangu akajaza maji ya moto bafuni akamtumbukiza. Baada ya dakika chache akalegea kabisa kama aliyezimia. Daktari wa wanyama alifanikiwa kumrudisha, lakini hakuna aliyetueleza sababu. Kosa lilikuwa maji ya moto?
Msomaji, Ontario

JIBU: Marahaba, dada. Ndiyo, kwa sehemu kubwa, ingawa mume wako alifanya kile ambacho karibu kila mtu mwenye huruma angefanya, na namwomba asijilaumu.

Mwili wa mnyama aliyepigwa na baridi hufunga mishipa midogo ya ngozi na miguu ili damu yenye joto ibaki kwenye moyo, mapafu na ubongo. Ukimtumbukiza ghafla kwenye maji ya moto, mishipa hiyo hufunguka yote kwa pamoja. Msukumo wa damu unashuka, na damu iliyokuwa imepoa kwenye miguu inarudi moyoni, ambao tayari umechoka, na kuupoza zaidi. Hapo ndipo mnyama anapolegea, au moyo wake unapopiga bila mpangilio. Ni kwa sababu hiyohiyo nawaomba watu wamwinue mbwa wa namna hii kwa upole, alale ubavu, asitikiswe na asilazimishwe kutembea.

Kinachotakiwa ni joto la polepole, tena lianzie kiwiliwili na si miguuni. Mwondoe kwenye upepo. Mkaushe kwa taulo kwa kulibonyeza kwenye manyoya ili linyonye maji, bila kusugua, kwani masikio, mkia na nyayo zinaweza kuwa zimeanza kuganda na kusugua kutazijeruhi. Mfunike mablanketi makavu, ikiwezekana yaliyopashwa moto. Chupa za maji ya uvuguvugu, kila moja ikiwa imeviringishwa kitambaa, ziwekwe kifuani na chini ya kwapa za miguu ya mbele. Zisiguse ngozi moja kwa moja, kwa kuwa ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mnyama kuhisi. Kama mko kwenye gari, washeni kipasha joto na mwanze safari ya kliniki huku mkiyafanya hayo. Akiwa na fahamu kamili anaweza kupewa maji ya uvuguvugu kidogo. Msimpe pombe, hata kama babu wa jirani anasisitiza.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39 za selsiasi, juu kidogo kuliko letu. Joto hilo hupimwa kwa kipimajoto kupitia njia ya haja kubwa, na nadhani kila nyumba yenye mbwa katika nchi hizi inapaswa kuwa nacho. Chini ya nyuzi 37 mpigie daktari. Chini ya 35 usingoje kuona kama atapata nafuu. Kutetemeka kunatutia hofu, lakini ni dalili kwamba mwili bado unajitengenezea joto. Cha kuogopa zaidi ni mbwa aliyekuwa akitetemeka, akaacha, na bado ni baridi ukimgusa, fizi zimepauka na anapumua polepole.

Tena mpeleke kliniki hata kama ameamka na anatikisa mkia. Mbwa aliyeyavuta maji mapafuni anaweza kuonekana mzima jioni ile, kisha usiku au kesho yake akaanza kukohoa na kupumua kwa kasi. Nimewahi kumpokea mbwa wa namna hiyo saa kumi usiku, ambaye wenyewe walikuwa wamekwisha kushukuru Mungu na kwenda kulala. Aliishi kwa sababu binti wa nyumba aliamka kunywa maji akasikia anavyohema.

SWALI: Assalaam aleikum Daktari. Mimi ni Muislamu kutoka Unguja, naishi Ottawa, sifugi mbwa. Majira haya niliwasaidia majirani kumvuta mbwa wao kutoka mtoni kwa ngazi, nikamkumbatia akiwa amelowa mpaka gari likaja. Baadhi ya wenzangu wamenishangaa. Nilifanya vibaya?
Msomaji, Ottawa

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Mimi ni daktari wa wanyama, na kwa hukumu za dini mrejee sheikh unayemwamini. Ninachokijua ni hiki, na nimekisikia kwa masheikh wenyewe: katika madhehebu ya Shafi, ambayo watu wetu wa pwani wengi wanayafuata, umajimaji wa mbwa ni najisi, na suala hilo linahusu kujitwaharisha, kuosha mara saba na moja kati yake kwa udongo, si kukatazwa kumwokoa mnyama anayekufa. Na ile hadithi ya Mtume kuhusu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake, umeisikia tangu ukiwa chuoni. Nguo zinafuliwa. Kwa upande wangu wa utabibu, joto la kifua chako lilimsaidia mbwa huyo kuliko blanketi lolote ambalo lingeweza kupatikana pale.

Nitakukumbusha tu kwamba mbwa mwenye hofu na maumivu anaweza kumng’ata hata anayempenda, kwa hiyo siku nyingine uso wako uwe mbali na mdomo wake, na umzungushie koti au taulo kabla ya kumwinua.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Mwanza. Nimeona video ya watu wakitembea juu ya ziwa na mbwa akitumbukia. Kwa nini ziwa linaganda juu tu na chini kuna maji?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Mwanangu, swali zuri. Vitu vingi vikipoa huwa vizito zaidi na kuzama. Maji hufanya hivyo mpaka yafikie nyuzi 4 za selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo huanza kutanuka na kuwa mepesi, na yakiganda, barafu yake huwa nyepesi kuliko maji kwa karibu sehemu moja ya kumi na mbili. Kwa hiyo maji baridi kabisa hubaki juu, yanaganda pale, na barafu inaelea kama kifuniko. Chini yake maji yanabaki karibu na nyuzi 4 na samaki wanaendelea kuishi. Theluji ikianguka juu ya kifuniko hicho inakuwa kama blanketi, inaizuia baridi ya hewa isishuke, na barafu iliyo chini ya theluji nyingi haikui haraka. Ndiyo maana uwanda mweupe unaoonekana imara kwenye video unaweza kuwa mwembamba. Ziwa Victoria halitakusumbua kwa hilo, kwa sababu maji yake ya juu hubaki zaidi ya nyuzi 20 mwaka mzima.

SWALI: Daktari, hujambo. Nasoma Finland na huwa namtembeza mbwa wa mwenye nyumba wangu. Nimeelewa kwamba nisimfuate barafuni. Lakini nikitumbukia mimi mwenyewe kwa bahati mbaya, nifanyeje?
Msomaji, Oulu

JIBU: Sijambo. Kwanza nenda dukani ukanunue kile Wafini wanachokiita jäänaskalit: vipini viwili vyenye misumari mifupi kwenye ncha, vimeunganishwa kwa kamba, ambavyo huvaliwa shingoni juu ya koti. Bei yake ni ndogo, wavuvi wa huko hawaendi barafuni bila hivyo, nawe uvivae kila unapotembea karibu na ziwa, kwa kuwa theluji inaweza kuficha mahali nchi kavu inapoishia.

Ukitumbukia, achia kamba ya mbwa. Usivue koti wala viatu. Hewa iliyonaswa kwenye nguo hukusaidia kuelea mwanzoni. Dakika ya kwanza kazi yako ni moja tu, kushika ukingo na kuituliza pumzi, na kutweta kule kutapungua ingawa utahisi hakutapungua. Kisha geukia upande uliotokea, kwani barafu ya huko ndiyo iliyokubeba mpaka pale. Weka mikono juu ya barafu, piga mateke kwa nguvu mpaka mwili ulale sambamba na maji, chomeka misumari na ujivute kwa tumbo, ukitambaa kama sili. Ukishatoka usisimame. Jiviringishe au utambae kwa njia ileile uliyojia mpaka uwe mbali na tundu kabisa.

Kama nguvu zimeisha na hujafanikiwa kutoka, acha kupigana, laza mikono yako juu ya barafu na uitulize hapo. Mikono ya koti lililolowa inaweza kuganda ikashikamana na barafu na kukuzuia usizame hata ukipoteza fahamu, na waokoaji wakakukuta bado uko juu ya maji. Na mbwa, kama mmetumbukia pamoja, usianze kumsukuma yeye. Toka wewe kwanza, fika nchi kavu, piga 112, halafu mwite kwa jina lake kutoka ukingoni, bila kuacha, mpaka watu wafike.